Kichaka cha Kogo

Siku kumi kabla ya koito ya dada yangu, Baba alimpa kijana mmoja panga na kumwonyesha kichaka kilicho kando ya lango letu, Ndanai. "Toa hii msitu yote," akasema. Kijana alikuwa ameshakunja mikono ya shati wakati Kogo alipotoka jikoni na kigoda chake, akakiweka kati ya panga na kichaka, akaketi.

"Mama, wageni watatuonaje?" Baba akauliza.

"Na mursik nitatengeneza na nini? Ama mtawapa maziwa ya paketi?"

Wacha niseme ukweli: wazo la kukata lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka Nairobi na mchoro kwenye simu. Nyasi fupi, kabro hadi mlangoni, mitende minne yenye shina jeupe kama ile ya mahotelini, ua wa saipresi, na bogenvilia juu ya lango. Nilidhani nimechora boma la kisasa.

Usiku huo sikupata usingizi, nikaanza kuuliza kila mmea wa mchoro wangu umetoka wapi. Saipresi inayopandwa kwetu asili yake ni Mexico na nchi jirani. Mitende ile ni ya Cuba na visiwa vya Karibi. Bogenvilia ni ya Amerika Kusini. Hata kayaba, ule ua wa miiba uliolipa jina Mukuru Kayaba kule Nairobi, ulitoka kusini mwa Afrika. Kitu kimoja tu kilikuwa cha kwetu, nacho ni nyasi, zile zinazoitwa Kikuyu grass duniani kote. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Waaustralia walizichukua, wakachagua aina zinazowafaa, na moja wakaiita Whittet. Mimi nilikuwa nikizihesabu kuwa kitu cha kizungu kuliko vyote.

Sasa, mtoto wa Ndanai anajifunza wapi kwamba hiki ni ua na kile ni msitu?

Jibu halikuwa mbali. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, likaua watu wengi na kuswaga maelfu ya mifugo. Baadaye ardhi kubwa ya Sotik na Kericho iligawiwa walowezi. Chai, mmea wa Asia uliopandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, ikawa biashara kubwa Kericho katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofika. Pamoja na chai zilikuja nyumba za mameneja, na mbele ya kila nyumba, bustani. Nyuma ya mashamba kulikuwa na safu za vyumba vya wafanyakazi, ambako hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupanda ua la kuangalia tu.

Babu yangu alikata nyasi katika bustani moja ya namna hiyo. Kogo anasema siku aliyoacha kazi alirudi na vitu viwili: blanketi, na kipande cha tawi la bogenvilia kilichofungwa kwa gunia lenye maji. Akakipanda hapa. Lilikuwa ua la kwanza la boma hili ambalo halikuwa na kazi yoyote zaidi ya kupendeza. Nikimfikiria siwezi kumcheka. Alikuwa amemwagilia uzuri wa watu wengine miaka mingi, akataka kidogo kiwe chake.

Mjini mambo yalienda vivyo hivyo. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji la Nairobi kuanzia miaka ya 1940, alipanda bogenvilia na jakaranda kando ya barabara mpaka zikawa sura ya jiji. Sisi tuliozaliwa baadaye tulizikuta, tukadhani zimekuwepo tangu mwanzo. Lakini wapo Wazungu walioona vya hapa pia: mwaka 1948 Muriel Jex-Blake alichapisha kitabu kizima kuhusu maua ya mwituni ya Kenya.

Na kumbe mimea yetu nayo ilikuwa ikisafiri upande wa pili. Mwaka 1882 wataalamu wa London walilipa ua moja lililotoka Zanzibar jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani. Leo uzao wake umejaa kwenye vyungu vya Ulaya na Marekani. Miaka kumi baadaye ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara na kulituma kwao. Likaitwa Saintpaulia, wakazalisha aina zake kwa maelfu, na sasa linakaa kwenye madirisha ya watu wasiojua Usambara iko wapi.

Kichaka cha Kogo kiko kwenye msafara huo huo. Sisi tunakiita senetwet. Kwa wataalamu ni Senna didymobotrya. Maua yake ni ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, matumba yake meusi, na ukisugua majani yananukia kama popkoni. Kwa sababu hiyo Marekani huuzwa kwa jina la popkoni, na watu hulipa pesa nzuri wakipande bustanini. Kijana wetu alikuwa anakaribia kulipwa ili akifyeke.

Nisikipambe kupita kiasi. Kule Afrika Kusini, mmea huu huu ni mgeni msumbufu unaovamia ardhi, na ukiliwa una sumu. Mmea kuwa wa asili ni habari ya mahali ulipo, haumaanishi ni mwema kila mahali.

Hapa kwetu, kazi yake inajulikana. Asubuhi iliyofuata Kogo alinifundisha. Kijiti kikavu cha senetwet kinachomwa mpaka kiwe kaa, kisha kaa linasuguliwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa, hadi kuta zote ziwe nyeusi. Maziwa yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa, unangoja siku kadhaa. Yale maziwa wanariadha wetu hupokelewa nayo uwanja wa ndege yameanzia kwenye kichaka kama hiki. Kogo hachukui kijiti chochote tu. "Hiki kaa lake ni laini," aliniambia. "Kile kinakwaruza." Ameteua kwa mkono wake miaka mingi, bila kitalu wala kibandiko cha jina.

Hapo nikaanza kuona boma la zamani halikuwa uwanja mtupu uliokuwa ukingoja bustani. Burashi ya kusafishia kibuyu, sosiot, inatoka kwenye mkindu, ule ule ambao Waswahili wa Pwani husukia mikeka. Silibwet, mji mdogo wa hapa Bomet, umeitwa kwa jina la mti wenye maua meupe. Na sinendet, mmea unaotambaa, ndio anaovishwa mtu wa kuheshimiwa.

Sinendet ndiyo iliyotuaibisha. Wazee wa koito walipaswa kuvishwa, tukaitafuta bomani, hakuna. Ilikuwa kwenye ua wa zamani tuliong'oa miaka michache iliyopita tukiweka waya. Ilibidi nipande boda na binamu yangu mpaka mtoni, tukarudi na mizunguko michache, mikono imekwaruzwa.

Mchoro niliufuta nikachora upya. Senetwet ilibaki langoni, ikapogolewa tu. Mahali pa mitende ya Karibi tulichimba mashimo mawili ya mikindu, miche tuliyopewa na jirani. Kando ya waya nilipanda vipande vya sinendet, viwili vimeshika. Bogenvilia ya Babu hatukuigusa.

Siku ya koito, mama mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama langoni, akachuma jani, akalisugua na kunusa. "Hii kwetu imeisha," akasema. Kogo hakujibu. Alimpa kwanza mursik, na jioni, wageni walipokuwa wakiaga, akamwekea mbegu kwenye kitambaa.