Diwani Iliyosikizwa Njiani

Wazee wa Gatanga, ng'ambo ya Thika, walikotoka waimbaji wengi mashuhuri wa Kikuyu, akiwamo Daniel Kamau, waliujua muziki kwa kisahani kidogo cha santuri chenye nyuso mbili, na wimbo uliozidi nafasi yake ulikatwa katikati, nusu uso huu na nusu uso wa pili, hata ikampasa msikilizaji ainuke kitini akakigeuze kabla gitaa halijamaliza hoja yake. Kwa hiyo mapenzi yetu yalikuwa mapenzi ya wimbo; ama kuipenda albamu nzima, kuifuata tangu fatiha hata tamati mithili ya asomaye diwani asiruke hata shairi moja, hiyo ni ada iliyochelewa kutufikia.

Mimi ilinipata Juja, mji ambao zamani ulitajwa kwa ajili ya shamba la tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt hapo mwaka 1909, na ambao leo hutajwa kwa ajili ya chuo chake, kilichoasisiwa 1981 kwa msaada wa Japani, kikalelewa na Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 1988, kisha kikajitegemea 1994.

Huko kwa mlezi, Kahawa, ndiko walikokutana vijana waliojiita Just a Band, yaani Bendi Tu (unyenyekevu ambao sikuuamini hata siku moja). Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008, na jina lake lilimkumbusha kila Mkenya ile kadi ya simu ikwanguliwayo kwa ukucha. Ndani yake mlikuwa na ngoma za mashine, vinanda vya umeme, na wimbo wenye jina la Kijaluo, Iwinyo Piny, vyote vimekaa pamoja bila ya kuombana radhi. Mwaka uliofuata wakatoa 82, ambamo mlikuwa na Ha-He, wimbo ambao filamu yake ya 2010 ilimfufua Makmende, yule shujaa wa porojo za utotoni, akaenea nchi nzima. Lakini wengi waliomcheka Makmende hawakuisikiliza albamu iliyomzaa, na hasara ni yao.

Mimi niliisikiliza kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Barabara ya Thika ilikuwa ikichimbuliwa na kujengwa upya, na matatu iliyoondoka Juja alfajiri ilitambaa Ruiru, ikakwama Githurai, makanga akanyamaza kwa uchovu, ilhali mimi, visikizio masikioni, nilikwisha kuufikia wimbo wa mwisho na kurejea wa kwanza kabla ya kuiona Pangani. Nikajifunza kwa nini wimbo fulani umetangulia na mwingine ukafuata. Nikayajua hata yale makimya mafupi baina ya nyimbo, na nikayahusudu.

Albamu yao ya tatu ilitoka mwaka 2012, na jina lake, Sorry for the Delay, ni kuomba radhi kwa kuchelewa. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo Rais Mwai Kibaki akaizindua barabara mpya, na tangu hapo, msongamano usipokuwapo, nafika mjini albamu ikiwa nusu.