Kabla ya Kizimba: Kesi ya Nyerere ya 1958 na Kazi ya Kumwendea Wakili

Wanafunzi wangu wakiulizwa kuhusu kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958 huikumbuka hukumu: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Wachache humkumbuka D. N. Pritt, wakili aliyetoka London. Karibu hakuna anayejiuliza ilikuwaje chama cha watu wa kipato cha chini, chenye ofisi yake New Street pale Kariakoo, kikapata wakili wa daraja hilo, na wakili huyo alikabidhiwa nini alipoketi na mteja wake. Kwangu mimi, sehemu hiyo ya historia ina manufaa makubwa kuliko hukumu yenyewe.

Tuanze na shitaka. Katika toleo la Sauti ya TANU la Mei 1958, Nyerere aliandika makala iliyowatuhumu mabwana shauri wawili wa bara kwamba walikuwa wakiwaonea wanachama wa TANU. Serikali ikamshitaki kwa kashfa ya jinai. Kesi ilianza kusikilizwa Dar es Salaam tarehe 9 Julai, na hukumu ikasomwa tarehe 11 Agosti. Wakati huo ulikuwa mgumu kwa chama. Januari ya mwaka ule, katika mkutano wa Tabora, TANU ilikuwa imekubali kwa shida kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na awamu ya kwanza ilipangwa kufanyika Septemba. Nyerere mwenyewe alikuwa agombee Jimbo la Mashariki. Rais wa chama angefungwa Agosti, chama kingeingia kwenye kura bila kiongozi, na wale waliopinga uamuzi wa Tabora wangepata hoja mpya.

Pritt hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Miaka michache kabla alikuwa Kapenguria akimtetea Jomo Kenyatta, na jina lake halikuwa la kupendeza masikioni mwa maofisa wa kikoloni. Kumchagua wakili wa aina hiyo ni tamko la kisiasa. Lakini wakili maarufu hushuka kwenye ndege akiwa hajui jambo. Waliokuwa hapa, wakiijua sheria ya nchi na watu wake, walikuwa K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey, mawakili wa asili ya Kiasia waliosimama naye katika utetezi. Heshima tunayompa Pritt peke yake naiona ni ya upande mmoja. Faili hujengwa na yule anayeweza kumwita shahidi, kumsikiliza kwa lugha yake, na kumpima kama atasimama imara atakapoulizwa maswali.

Na hapo ndipo ugumu wa kesi ya kashfa ulipo. Mwandishi anayedai kwamba aliyoyaandika ni kweli hubebeshwa mzigo wa kuuthibitisha ukweli huo. Habari za uonevu zilitoka matawini, kutoka kwa wanachama waliokuwa safari ya siku kadhaa mbali na Dar es Salaam. Malalamiko yanayotosha kumkasirisha mhariri hayatoshi mahakamani. Hakimu anataka aliyeona kwa macho yake, siku aliyoona, na karatasi iliyoandikwa siku ile, wala hashibi kwa simulizi iliyopita midomo mitatu. Nyerere hakuukana uandishi wake. Alikubali kuwajibika kwa makala. Kwa maoni yangu hilo liliwapunguzia mawakili mzigo mmoja mkubwa. Hakuna kinachoharibu utetezi kama mteja anayemficha wakili wake jambo ambalo upande wa pili tayari unalijua.

Alitiwa hatiani hata hivyo. Faini ililipwa, Mwalimu akarudi kwenye kampeni, na Septemba TANU ikafanya vizuri kupita matumaini ya wengi. Gavana Turnbull, aliyeingia nchini Julai ile ile kesi ikiendelea, alijikuta akizungumza na mtu huru badala ya mfungwa.

TANU haikuwa ya kwanza kujifunza hili. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kuyasema malalamiko yao, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini shauri la kijiji lilisikika New York kwa sababu lilikuwa limepangwa katika maandishi.

Msomaji aangalie pia majina haya: Pritt, Seaton, Jhaveri, Rattansey. Mwafrika wa Tanganyika hayumo. Hili lilikuwa na sababu zake. Katika mahakama za wenyeji, ambako wananchi walio wengi walishitakiana, mawakili hawakuruhusiwa kabisa, na zuio hilo liliendelea katika Mahakama za Mwanzo kwa miaka mingi baada ya uhuru. Mtu wa Kariakoo au Ilala aliweza kuishi maisha yake yote, akadai na kudaiwa, akaoa na kurithi, bila kuketi hata mara moja mbele ya wakili. Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilipoanza na wanafunzi 14, katika jengo la TANU lililopo mtaa ule ule ambao leo unaitwa Lumumba, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Sioni kwamba ilikuwa bahati tu.

Mazoea yaliyolelewa na historia hiyo hayajatoweka. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetoa kilemba cha mamilioni kwa ajili ya fremu, akafungiwa mlango na mwenye jengo, mara nyingi humwendea kwanza mjumbe, kisha polisi, kisha mtu anayejiita mwanasheria ambaye ofisi yake ni mkoba. Vishoka wanastawi kwa sababu mteja hajui kwamba wakili halali anaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa dakika chache, bila kumwuliza mtu. Asiye na uwezo wa kulipa naye hajui kwamba tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017.

Akimpata wakili wa kweli, hufika mikono mitupu na kuanza kusimulia alivyodharauliwa. Saa ya kwanza inaishia hapo, na huenda ameilipia. Kinachohitajika ni mkataba wa pango, au kama haukuwepo, miamala ya simu inayoonyesha alilipa lini na kiasi gani. Barua na ujumbe wa pande zote mbili, hata ule unaomwaibisha. Majina ya walioshuhudia. Na ukurasa mmoja wenye matukio kwa tarehe. Aseme anataka nini hasa: fremu, fedha, au muda wa kuhamisha mali. Aulize ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, na mapatano hayo yaandikwe. Asiogope kusema ukweli, kwa kuwa siri ya mteja kwa wakili wake inalindwa na Sheria ya Ushahidi.

Na aende mapema. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya madhara miaka 3, ya ardhi 12. Nimekutana na waajiriwa wa sekta binafsi, watu wenye shahada, waliokaa na barua ya kuachishwa kazi kwenye droo wakingoja hasira ipoe, ilhali kupinga kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuna siku 30 tu.