Barabara Kuu ya Lavenham

Katika wilaya ya Suffolk, upande wa mashariki wa Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Lavenham. Mtu apitaye katika barabara yake kuu huona nyumba za miti zilizopinda na kuinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Nyingi zimesimama hapo zaidi ya miaka 500. Mgeni azionaye kwa mara ya kwanza hudhani ya kwamba wenyeji walizipenda na kuzitunza tangu zilipojengwa. Dhana hiyo si sahihi. Nyumba hizi zilijengwa na utajiri, zikahifadhiwa na umaskini, na mwishowe ndipo zikaokolewa na mapenzi. Tutazame mambo hayo matatu moja baada ya jingine.

Utajiri wa Lavenham ulitokana na sufu ya kondoo. Katika karne ya 15 wenyeji wake walisokota nyuzi, wakazitia rangi, wakafuma nguo nzito za buluu zilizouzwa mpaka ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1524, Mfalme Henry VIII alipotoza kodi, mahali hapa padogo palilipa fedha nyingi kuliko hata York na Lincoln, miji mikubwa yenye majina. Mmoja wa wafanya biashara wake, Thomas Spring, aliyefariki mwaka wa 1523, alikuwa miongoni mwa raia matajiri kabisa wa nchi nzima. Fedha za sufu zilisaidia kuujenga mnara wa kanisa, ambao kimo chake ni mita 43 hivi. Lakini neema hiyo haikuwa ya wote. Mwaka wa 1525 mfalme alipotaka fedha tena, wafumaji na wenzao walikusanyika Lavenham kwa maelfu wakakataa kulipa, na mfalme akalazimika kuliacha jambo hilo.

Ni katika siku hizo ndipo nyumba nyingi za barabara kuu zilipojengwa. Seremala alikata mti mgumu uitwao mwaloni, akauchonga ukiwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Ncha ya boriti moja aliichonga kama ulimi, akaitia katika tundu la boriti nyingine, kisha akazifunga kwa vigingi vya mti. Nafasi zilizobaki baina ya nguzo zilijazwa fito, na fito zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Msomaji aliyepata kuona nyumba ya udongo ikikandikwa ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa zaidi. Miaka ilipopita mwaloni ule mbichi ulikauka ndani ya ukuta, ukajikunja, ukaivuta nyumba pamoja nao. Hiyo ndiyo sababu moja ya kupinda kwa nyumba za Lavenham. Hazikupinda kwa ubaya wa fundi, bali kwa tabia ya mti.

Kisha neema ikaondoka. Katika miaka ya 1560 wakimbizi wa Kiholanzi walihamia mji wa Colchester, usio mbali sana, wakaleta ufundi wa kufuma nguo nyepesi na rahisi. Wanunuzi wakazipenda, na nguo nzito za buluu zikakosa soko. Mwisho wa karne ile, Lavenham ilikuwa imekwisha kushuka hadhi yake.

Hapa ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Katika miji iliyoendelea kutajirika, wenye mali waliziona nyumba za miti kuwa za kishamba. Wakazivunja, wakajenga mpya za matofali. Watu wa Lavenham nao huenda wangalifanya vivyo hivyo, lakini hawakuwa na fedha. Wachache walifunika uso wa nyumba zao kwa matofali au lipu ili zionekane za kisasa. Wengi walitia kiraka mahali palipovuja, wakaendelea kuishi. Hivyo umaskini ukawa mlinzi wa nyumba, ingawa hakuna aliyeuajiri, na hakuna aliyeufurahia.

Jengo lionyeshalo vizuri zaidi mapito hayo ni Ukumbi wa Chama, ulioko katika uwanja wa soko, hatua chache tu kutoka barabara kuu. Ulijengwa karibu na mwaka wa 1530 na chama cha dini kilichoitwa Corpus Christi, ambacho matajiri wa sufu walikutana humo kwa sala na karamu. Serikali ilivifuta vyama vya namna hiyo mwaka wa 1547, na ukumbi ukawa mahali pa shughuli za mji. Mwaka wa 1689 ukageuzwa gereza. Mwaka wa 1787 ukawa nyumba ya maskini, ambao walipewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi. Baadaye ukawa ghala ya sufu. Katika vita vya pili vya dunia ulipokea watoto waliohamishwa mijini kwa kuogopa mabomu. Mwaka wa 1951 ulikabidhiwa shirika la National Trust, na sasa ni makumbusho. Boriti zilizoezekea karamu za matajiri ndizo zilizoezeka njaa ya maskini. Lau ukumbi ule ungalikataa kazi mpya, ungalikwisha kuvunjwa zamani.

Hata hivyo, umaskini ni mlinzi asiyeaminika. Mtu maskini huuza alicho nacho. Nyumba iliyofungwa kwa vigingi huweza kufunguliwa kipande kwa kipande na kusimamishwa kwingine, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo matajiri waliotamani kuwa na nyumba za kale. Mwaka wa 1911 jengo lingine la karne ya 15, lijulikanalo kama Ukumbi wa Sufu, lilifunguliwa hivyo ili lipelekwe Ascot, mbali upande wa pili wa London. Watu wa Lavenham walilalamika kwa nguvu, mpaka boriti zikarudishwa na ukumbi ukasimamishwa tena mahali pake. Katika miaka ya 1960 uliunganishwa na hoteli ya Swan iliyo kando yake. Nadhani siku ile boriti ziliporudi ndiyo siku kubwa katika habari za nyumba hizi. Kwa muda wa miaka 300 zilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuziondoa. Sasa zilibaki kwa sababu watu walitaka zibaki.

Mambo mengine yalikuja yakapita. Reli ilifika mwaka wa 1865, na wengi waliiona ndiyo alama ya zama mpya. Lakini treni ya mwisho ya abiria iliondoka mwaka wa 1961, na ya mizigo mwaka wa 1965. Mwaka wa 1944 Wamarekani waliorusha ndege za mabomu kutoka uwanja wa karibu walikuwa wakipumzika katika hoteli ya Swan, na majina waliyoandika ukutani yangali yanatunzwa mpaka leo. Katika miaka ya 1960 nguzo za simu na nyaya zilizoning'inia juu ya barabara ziliondolewa, na nyaya zikafukiwa chini ya ardhi. Kitu cha kisasa kikafichwa ili cha kale kionekane.

Leo wageni huja kwa wingi, na baadhi yao wameziona nyumba hizi katika filamu ya Harry Potter iliyotolewa mwaka wa 2010. Kijiji kilichouza nguo sasa huuza sura yake. Hapana haja ya kukilaumu, kwa maana nyumba isiyo na kazi huanguka. Lakini yafaa mgeni akumbuke ya kwamba uzuri anaoupiga picha ulipitia mikono ya watu ambao hawakuuona kuwa uzuri. Waliona ukuta unaovuja na mfuko usio na kitu.

Ewe msomaji, utakapopita katika mtaa wenu, litazame jengo kongwe kuliko yote, ujiulize ni nini kinachoulinda ukuta wake: fedha, ukosefu wa fedha, au mapenzi ya watu. Ikiwa ni ukosefu wa fedha tu, basi siku fedha zitakapokuja halitakuwa na mtetezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lavenham walichelewa kuuona ufa wao, lakini walipouona waliuziba.