Sheria Zilizoitawala Kaskazini Mashariki Ziko Wapi?

Mtafiti anayetaka kuandika historia ya Hadado, huko Wajir Magharibi, huanza na wazee, kisha huvifungua vitabu vya sheria za Kenya akitarajia kukuta humo sheria iliyowatawala wazee hao. Hapo ndipo wengi hukwama. Katika sheria zilizojadiliwa na kupitishwa bungeni, Kaskazini Mashariki inatajwa kwa nadra mno. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 eneo hili liliongozwa kwa kanuni na matangazo yaliyochapwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likitoka tangu 1899. Kwa hiyo anayesoma sheria za Bunge peke yake atadhani kwamba wafugaji wa Wajir, Garissa na Mandera waliishi chini ya sheria zilezile za Nyeri au Kisumu. Hawakuishi hivyo, na ushahidi wake umo katika karatasi ambazo watu wachache huzitafuta.

Tuanze na wakoloni. Mwaka 1902 ilitungwa sheria ya wilaya za pembezoni, iliyompa mtawala uwezo wa kutangaza wilaya yoyote kuwa imefungwa, asiingie mtu pasipo kibali. Mtu akiisoma leo haoni ndani yake fujo wala vita. Nguvu yake ilikuwa katika tangazo lililofuata, na tangazo hilo ndilo lililoitaja wilaya kwa jina. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile iliyojulikana kote kama NFD, ilifungwa kwa njia hiyo mwaka 1926. Ikaja sheria ya wizi wa mifugo ya 1933, iliyoruhusu jamii nzima kuadhibiwa kwa kosa la wachache, na mwaka 1934 sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa mamlaka ya kuwapangia watu maeneo ya malisho kwa misingi ya kabila. Mfugaji aliyevuka mpaka wa malisho kufuata mvua alikuwa amevunja sheria, hata kama hakuwahi kuisikia. Yaliyotokea baada ya hapo, kama vile faini za ngamia na safari zilizokatazwa, yameandikwa katika ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya, zinazohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Nakala za filamu za ripoti hizo ziko pia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa New York anaweza kuzifikia kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Griftu, huko huko Wajir.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyotumwa mwaka 1962 iliripoti kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa NFD walitaka kujiunga na Somalia. Serikali ya Uingereza haikuwapa walichotaka. Katiba ya 1963 ilikuja na mfumo wa majimbo, kila jimbo na baraza lake la kutunga sheria, lakini Wasomali wa jimbo la Kaskazini Mashariki waliususia uchaguzi. Jimbo ambalo lingeweza kujitungia sheria likabaki bila sauti, na Desemba mwaka huohuo, siku chache baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa. Hapa historia ya karatasi inakuwa nzito kuliko popote. Kanuni za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani za mwaka 1966 ziliruhusu watu kuzuiliwa bila kesi na mifugo kutwaliwa. Zaidi ya hayo, ziliondoa masharti ya kawaida ya uchunguzi wa vifo kwa waliouawa na askari katika maeneo yaliyopigwa marufuku. Msomaji na azingatie maana yake kwa mtafiti: ambapo sheria imesema kifo kisichunguzwe, hakuna faili la mahakama, hakuna shahidi aliyeapishwa, hakuna hukumu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga iliyowazuia watu kudai fidia kwa matendo ya maofisa na askari kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Ukimya wa mahakama uliandaliwa kwa maandishi.

Wapo watakaosema kwamba karatasi hazina faida: askari aliyechoma nyumba hakubeba Gazeti Rasmi mfukoni, na ukweli umo katika kumbukumbu za waliopigwa. Nakubali sehemu ya pili. Bila ushahidi wa manusura tusingejua mengi kuhusu mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, ambako serikali ilidai kwamba waliokufa walikuwa 57, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikahitimisha katika ripoti yake ya 2013 kwamba idadi ilikaribia 1,000. Lakini hata tume hiyo haikutegemea masimulizi pekee. Iliyapima pamoja na kumbukumbu za vikao vya kamati za usalama. Simulizi la mzee linatueleza alichotendewa. Kanuni inatueleza nani aliruhusu, lini, na kwa mamlaka gani. Ukikosa la pili, msiba unageuka kuwa bahati mbaya isiyo na mwenyewe, na wahusika hufurahia sana historia ya namna hiyo.

Wengine watajibu kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Ni kweli kwamba Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria limeweka sheria na hukumu wazi kwa kila mtu bila malipo, na hiyo ni hatua kubwa ya kushukuriwa. Lakini mkusanyiko wa sheria zinazotumika leo, kwa asili yake, huacha nje zilizofutwa, na mengi ya yaliyotajwa hapa yamefutwa. Hali ya hatari iliondolewa 1991. Zile sheria za kikoloni za wilaya za pembezoni na wilaya maalumu zilibaki vitabuni hadi 1997, miaka sita zaidi, jambo ambalo hata wanasheria wengi hulisahau. Anayezitaka lazima atafute matoleo ya zamani ya sheria pamoja na nyongeza za Gazeti Rasmi, ambazo hujalidiwa kando na gazeti lenyewe. Asiishie kwenye gazeti.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wasomi wa Nairobi. Tangu 2013 Kaunti ya Wajir ina bunge lake linalotunga sheria, na sheria hizo nazo huchapwa katika nyongeza zilezile. Bunge hilo lina uwezo wa kuamua kwamba nakala za kanuni za 1966, ripoti za wakuu wa wilaya na ripoti ya Tume ya Ukweli ziwekwe Wajir mjini, Hadado na Griftu, mahali ambapo mwalimu wa historia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake. Palipo na faili ambalo bado limefungwa, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuliomba kwa barua. Barua hizo ziandikwe, na ziandikwe mapema, wakati manusura wa Wagalla wangali hai kusoma majibu.