Baiskeli, pancha na kujitegemea

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, alfajiri ya Jumapili siku hizi ukisimama kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, utaona makundi ya watu waliovaa kofia ngumu, wameinama juu ya baiskeli nyembamba zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Hawapeleki maziwa mjini wala hawakubeba mkaa. Wanakwenda kilomita 60 au 80, kisha wanarudi nyumbani kunywa chai. Kwa sisi tuliozoea kuiona baiskeli kuwa chombo cha kazi, Phoenix au Raleigh yenye karia na madigadi, jambo hili linachekesha kidogo.

Mimi sina nia ya kuwacheka. Nataka tuulize swali moja tu, ambalo wapenzi wa baiskeli wamekuwa wakiulizana kwa zaidi ya miaka 100. Mtu akiwa kilomita 40 kutoka nyumbani na chombo kikamharibikia, atarudije? Swali ni dogo, lakini majibu yake ndiyo yaliyoifanya baiskeli iwe kama tunavyoiona leo. Tena yanatufundisha jambo kuhusu neno ambalo nchini Tanzania tunalijua vizuri tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, yaani kujitegemea.

Tuanze na pancha. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, Ireland, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Alikuwa amelijaribu kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo baiskeli zilikuwa na mpira mgumu au chuma kitupu, na mtu akifika safari mifupa yote ilikuwa inalia. Tairi la upepo lilileta raha na kasi, lakini pia lilileta pancha. Gari la ng'ombe halipati pancha, wala mpira mgumu haupati.

Matairi ya kwanza yalibandikwa kwenye rimu kwa gundi. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa husimulia kwamba mwendesha baiskeli mmoja alifika kwenye kiwanda chao cha mpira mjini Clermont-Ferrand akiwa na tairi la namna hiyo lililotoboka. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, na baada ya hapo ikabidi gundi iachwe ikauke usiku kucha. Ndugu wawili wenye kiwanda, André na Édouard, wakaona kwamba tairi ni zuri ila lina kasoro moja. Mwenyewe hawezi kulitengeneza akiwa njiani. Mwaka 1891 wakatoa tairi la kufungua na kufunga tena. Mwaka huo huo Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, umbali wa kilomita 1,200 hivi, akashinda kwa muda usiofika saa 72. Tangu hapo pancha ikawa kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kiraka na pampu yake.

Hilo ndilo jibu la kwanza, nalo ni kutengeneza chombo kwa namna ambayo mwenye chombo ataweza kukirekebisha kwa mikono yake.

Jibu la pili lilitolewa na Mfaransa mwingine, Henri Desgrange. Huyu alikuwa mhariri wa gazeti la michezo, L'Auto, na mwaka 1903 gazeti lake lilianzisha mashindano ya Tour de France. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mkimbiaji hodari wa baiskeli. Aliamini kwamba ushindi uwe wa mtu, usiwe wa chombo wala wa wasaidizi. Kwa hiyo kanuni zake zilikuwa kali. Baiskeli ikiharibika, mkimbiaji aitengeneze mwenyewe bila kusaidiwa na mtu yeyote. Ndiyo maana katika picha za zamani tunawaona wakimbiaji wamejivisha matairi ya akiba mabegani, kama mtu aliyebeba kamba za kufungia mzigo.

Mwaka 1913 kanuni hiyo ilimkuta Eugène Christophe. Alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda Tour ya mwaka huo. Wakati akiteremka mlima Tourmalet, katika milima ya Pyrenees, uma unaoshika gurudumu la mbele ulivunjika. Hakuruhusiwa kupewa baiskeli nyingine. Akaibeba begani na kutembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, ambako palikuwa na karakana ya mhunzi. Mhunzi alikuwa tayari kumfanyia kazi ile, lakini waamuzi wa mashindano walikuwa wamesimama pale pale wakitazama. Ikabidi Christophe aingie mwenyewe katika moto na nyundo, aunge chuma mpaka uma ukasimama tena. Saa zikapita, na wenzake wote wakampita.

Kazi ya uhunzi inataka mikono zaidi ya miwili. Mtu aliyeshika koleo na nyundo hawezi papo hapo kuvukuta moto. Mvulana mdogo aliyekuwa katika karakana akamvukutia mivukuto. Waamuzi wakaliandika hilo kuwa ni kosa la kupokea msaada, wakampa Christophe adhabu ya dakika 10, ambayo baadaye ilipunguzwa ikawa dakika 3. Alimaliza Tour akiwa wa saba. Leo kijijini pale kuna bamba la kumbukumbu yake, na kila mpenzi wa baiskeli anayepita husimama kulisoma.

Ndugu msikilizaji, mimi namsifu Christophe kwa moyo wangu wote. Lakini kanuni ile siisifu. Moyo wa mwanadamu haupimwi kwa kumkataza mtoto kuvukuta moto. Hapo kujitegemea kulikuwa kumegeuka kuwa kiburi, tena si kiburi cha mkimbiaji bali cha wakubwa waliokaa mezani wakiandika kanuni.

Kiburi hicho kilionekana zaidi katika habari ya gia. Baiskeli yenye gia moja ni nzuri kwenye tambarare. Ukifika mlimani, ama utasimama juu ya pedali ukisukuma kwa uzito wa mwili mzima, ama utashuka utembee. Wakimbiaji wa Desgrange walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili, upande mmoja kwa tambarare na upande wa pili kwa mlima. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakafungua nati, wakaligeuza gurudumu, wakakaza nati, wakaendelea. Kwenye baridi ya milimani vidole vilikufa ganzi na nati zikakataa. Inasimuliwa kwamba ni taabu hiyo iliyompata mkimbiaji wa Italia, Tullio Campagnolo, mwaka 1927 kwenye mlima Croce d'Aune. Aliporudi nyumbani Vicenza akaanza kutafuta dawa yake, na mwaka 1930 akapata hati ya kifaa cha kufungulia gurudumu kwa kugeuza kishikio tu, bila spana. Baiskeli nyingi za barabarani leo bado zina kifaa cha namna hiyo.

Lakini gia za kubadilisha huku mtu akiendelea kupiga pedali zilikwisha kuwako zamani. Desgrange alizijua, akazikataa. Maneno yanayohusishwa naye ni kwamba gia hizo zinawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Mtangazaji anayekaribia umri huo hawezi kuyasoma maneno hayo bila kutabasamu. Wakimbiaji wakubwa wa Tour walisubiri mpaka mwaka 1937, baada ya Desgrange kuachia uongozi kwa sababu ya ugonjwa, ndipo waliporuhusiwa kutumia gia za kuhamisha mnyororo. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Roger Lapébie.

Nani basi alikuwa akizitumia gia hizo miaka yote hiyo? Ni watu wa kawaida walioendesha baiskeli kwa kujifurahisha. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, mtu aliyekuwa katika biashara ya hariri kabla ya kuiacha na kufungua duka la baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha jarida lake, na humo aliandika kwa jina la Vélocio. Mji wake umezungukwa na milima. Hakuwa na zawadi ya kushindania wala kanuni ya kumfunga, ila alikuwa na hamu ya kwenda mbali na kurudi akiwa mzima. Mwanzoni alikuwa akishuka na kuhamisha mnyororo kwa mkono. Baadaye alijaribu kila aina ya gia aliyoisikia, na akawaandikia wasomaji wake ipi inafaa na ipi haifai. Akiwa amepita umri wa miaka 50 aliendelea kusafiri mamia ya kilomita, mchana na usiku.

Ushauri wake kwa waendesha baiskeli ulikuwa wa kawaida kabisa, kama wa mama anayemwaga mwanawe. Kula kabla njaa haijakushika, na kunywa kabla kiu haijakubana. Usijikaze mpaka ukapoteza hamu ya chakula na usingizi. Usikimbie kwa ajili ya kujionyesha. Vélocio alifariki mwaka 1930, baada ya kugongwa na tramu katika mji wake. Nadhani yeye alilielewa neno kujitegemea kuliko Desgrange. Kwake lilikuwa na maana ya kujua kiasi cha nguvu zako na kuchagua chombo kinacholingana nazo, ili usije ukawa mzigo kwa watu wengine.

Kuna jibu la tatu, nalo lilitoka Uingereza. Mwaka 1878 wapenzi wa baiskeli wa huko waliunda chama cha waendesha baiskeli wasafiri. Walijua kwamba mtu mmoja hata awe na viraka vingi namna gani, hawezi peke yake kutengeneza barabara mbovu. Chama kikaweka vibao vya kuonya juu ya miteremko mikali, kikapatana na nyumba za wageni kuwapokea wanachama wake kwa bei nafuu, na mwaka 1886 kikashirikiana na wengine kuunda jumuiya ya kudai barabara bora. Wakati huo magari ya petroli hayakuwa yameenea hata kidogo. Wenye magari wa baadaye walikuta kazi imeanzwa na wenye baiskeli, ingawa leo wapo madereva wanaowapigia honi watu wa baiskeli kana kwamba barabara waliirithi kwa baba zao.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mabingwa wa dunia walipanda vilima vya Kigali wakiwa na gia zaidi ya 20, na gari la fundi likiwafuata nyuma. Vilima vya Rwanda ni vile vile ambavyo wabeba viazi na ndizi wamevipanda miaka mingi kwa gia moja, nyingine ikiwa ni miguu yao wenyewe, wakiisukuma baiskeli.

Mpenzi wa Jumapili yuko katikati ya hawa wawili. Hana gari la fundi, wala hana mazoea ya mbeba ndizi. Kwa hiyo ayachukue majibu yote matatu. Kwanza, mkoba mdogo chini ya kiti uwe na tyubu ya akiba, viraka na solusheni, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ndogo na pampu. Akumbuke kwamba mpira wa upepo wa kituo cha mafuta umetengenezwa kwa vali ya gari, nao haushiki vali nyembamba ya baiskeli hizi bila kiungio chake kidogo, na kiungio hicho nacho kina nafasi mkobani. Na kazi ya kutoa tairi aifanyie mazoezi uani kwake, si kando ya barabara malori yakipita.

Pili, asione haya kutumia gia nyepesi kwenye mlima wa Pugu au wa Ngong. Asingoje kiu wala njaa, maana chupa mbili za maji na ndizi chache si mzigo. Tatu, asiende peke yake kama anaweza kupata wenzake, na yeye na wenzake wadai njia ya baiskeli katika miji yetu, ambayo itamfaa hata yule wa mkaa na maziwa.

Na akifika njiani mambo yakamshinda, chini ya mwembe pale kwenye kituo cha mabasi kuna fundi baiskeli mwenye beseni la maji la kutafutia tundu. Amwendee, amwamkie, aeleze shida yake, na amlipe haki yake. Hakuna mwamuzi aliyesimama pale na kitabu cha adhabu. Kama kuna mtoto anayeshika gurudumu wakati fundi akikaza nati, mtoto huyo naye apewe asante yake.