Kwa nini kupaa ni hatari kwa ndege ndogo

WAKAZI wa Kona ya Musa, eneo la Diani, Kaunti ya Kwale, wamezoea mngurumo wa ndege ndogo zinazotumia uwanja wa Ukunda kuwapeleka watalii mbugani. Asubuhi ya Oktoba 28, 2025, safari moja ya aina hiyo iliishia Tsimba Golini.

Ndege hiyo aina ya Cessna 208B Grand Caravan, ya kampuni ya Mombasa Air Safari, ilikuwa ikielekea Kichwa Tembo, Maasai Mara. Wote 11 waliokuwamo walifariki: raia wanane wa Hungary, wawili wa Ujerumani na rubani Mkenya. Hali ya hewa haikuwa nzuri.

Msiba huo ulitokea muda mfupi baada ya ndege kupaa, kipindi ambacho rubani hana nafasi kubwa ya kurekebisha mambo. Ndege huwa imejaa mafuta, abiria na mizigo, mwendo wake ungali mdogo, na ardhi iko karibu.

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwa kasi juu na chini ya mabawa yake. Injini ikizimika wakati wa kupaa, kasi hupungua mara moja. Rubani hana budi kuinamisha pua ya ndege ili kasi isipotee, kisha atafute mahali pa kutua mbele yake. Akijaribu kugeuka kurudi uwanjani akiwa chini mno, mabawa yaweza kushindwa kuibeba ndege, nayo ikaporomoka.

Uzito uliozidi, au mizigo iliyorundikwa nyuma, huleta hatari kama hiyo. Joto na mwinuko wa uwanja pia huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Uwanja wa Ukunda uko karibu na usawa wa bahari, lakini viwanja vya Mara viko juu sana. Pwani nako kuna hatari yake: Milima ya Shimba, yenye kimo cha zaidi ya mita 400, hufunikwa na mawingu na ukungu.

Vizuizi kandokando ya uwanja navyo vimewahi kuua. Januari 24, 2003, ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikipaa kutoka Busia. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki. Agosti 22, 2012, watu wanne walikufa ndege aina ya Let L-410 ilipoanguka ikipaa kutoka Ngerende, Maasai Mara.

Kanuni za kimataifa hutaka taarifa ya awali ya uchunguzi itolewe katika siku 30, na ripoti kamili, ikiwezekana, katika miezi 12. Lengo si kumtafuta wa kulaumiwa, bali kuzuia ajali nyingine. Kwa sababu hiyo wanaofika kwanza kwenye ajali hutakiwa kuokoa majeruhi, kujihadhari na moto wa mafuta na kutohamisha vipande vya ndege. Chuma kilichookotwa kuuzwa kama chuma chakavu chaweza kuwa ndicho ushahidi pekee wa kilichoiangusha.