Saiklini D1 na Kutenganishwa kwa Limfoma ya Manteli, 1974–2010

Kwa takriban miongo miwili wanapatholojia walibishana iwapo limfoma ya manteli ni ugonjwa unaojitegemea. Mwaka 1974 kundi la Karl Lennert mjini Kiel, Ujerumani, liliupa nafasi yake katika uainishaji wa limfoma, kwa jina la limfoma ya sentrositi. Nchini Marekani, uainishaji wa mwaka 1982 haukuutenga, na wagonjwa wake wakatawanywa katika makundi mengine.

Mtawanyiko huo ulikuwa na gharama. Lukemia sugu ya limfosaiti mara nyingi huenda polepole, na mgonjwa aweza kufuatiliwa kwa miaka bila kupewa dawa. Limfoma ya manteli kwa kawaida huenda kasi zaidi, na hurudi baada ya tiba. Hata hivyo, chini ya hadubini zote mbili ni seli B ndogo, na jicho lililozoea laweza kukosea.

Kingamwili za aina moja, zilizobuniwa na Georges Köhler na César Milstein mjini Cambridge mwaka 1975, ziliwezesha kutafuta protini mahususi juu ya seli. Kwanza ziliongeza utata: CD5, protini ya kawaida ya seli T, ilionekana katika magonjwa yote mawili. CD23 ilisaidia, kwa kuwa huwapo katika lukemia hiyo na kwa kawaida hukosekana katika manteli. Lakini ilikuwa na visa vya kutosha vilivyokiuka kanuni.

Ufumbuzi ulitoka upande usiotarajiwa. Ilikwisha julikana kwamba katika limfoma hiyo kromosomu ya 11 na ya 14 hubadilishana vipande, na mahali pa mkatiko palipewa jina la BCL1 mwaka 1984. Jeni iliyoathiriwa haikuonekana. Mwaka 1991 watafiti wa uvimbe wa tezi za parathiroidi walieleza jeni ya saiklini D1, na ndiyo iliyokuwa ikichochewa na mkatiko huo. Nguvu ya alama hii yatokana na jambo moja: limfosaiti B za kawaida haziitengenezi protini hiyo. Jina la limfoma ya manteli lilipendekezwa mwaka 1992, na uainishaji wa kimataifa wa 1994 ukalikubali.

Si haki, hata hivyo, kuisimulia saiklini D1 kama hakimu wa mwisho. Huonekana pia katika baadhi ya mayeloma, na visa vichache vya manteli havina kabisa. Protini ya SOX11, iliyoripotiwa mwaka 2008, iliviokoa visa hivyo, kwani hupatikana hata pale saiklini D1 inapokosekana. Kufikia mwaka 2010 ilidhihirika kwamba baadhi ya wagonjwa wenye saiklini D1 hawana SOX11, na kwamba wengi wao, damu ikiwa imejaa seli za ugonjwa na tezi zikiwa hazijavimba, huishi miaka mingi bila kuhitaji tiba.